Wino Mwepesi na Ndege wa Siri kwenye Pindo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja, na majina yote nimeyabadilisha ili mama asinijue, ingawa akifika mstari wa tatu atanijua tu.

Mimi huchapa fulana hapa Majengo, Nyeri, na Jumamosi ya wiki ijayo ni ngurario yangu, arusi ya kimila, na Kinyua wa Kianyaga, na wewe unajua desturi yetu, bibi arusi hufichwa kati ya wasichana wengine, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani, hakuna kuongea, na bwana arusi lazima amtambue wake mbele ya ukoo mzima, akikosea ni faini ya mbuzi na kuchekwa maisha yake yote. Kaka yangu Kingori alikosea, akamshika binamu ya mkewe, na mpaka leo huyo binamu huitwa "bibi wa kwanza" kwenye kila sherehe. Sasa Kinyua haoni mbali vizuri na miwani hataki, ati itamharibia picha, na kila siku ananipigia, "Watiri, na nikishika cucu wako, nyanya wa watu, je?" basi nikamhurumia, nampenda huyu mtu jamani, nikapanga ujanja.

Wasichana wote tutavaa fulana nyeusi ndefu, na mimi ndiye ninazichapa, mstari wa maua ya kahawa kwenye pindo, pale leso inapoishia. Kwenye fremu ya wavu ninayochapia, mwisho wa maua, niliweka ndege mdogo sana, nikamziba kwa selotepu ya karatasi, niwachapie wengine maua matupu, halafu yangu niichape mwisho, selotepu nikiwa nimeitoa. Nikamwambia Kinyua, akiona ndege, amenipata.

Lakini Mshauri, baridi ya Julai unaijua! Ninatumia wino wa dischaji, ule unaokula rangi ya kitambaa, na asubuhi niliukuta umekaza kwenye ndoo, nikauweka kando ya jiko kama vile tunavyoweka vifaranga, bado nikaona unachelewa nikaongeza maji, ukawa mwepesi kama chai ya kibanda, nikasema si kitu, nikachapa fulana zote nikiimba, maana wino huu ukiwa mbichi juu ya nyeusi huoni kitu, mpaka uipitishe fulana kwenye mashine ya joto. Nikapitisha ya kwanza. Maua yamevimba kama mandazi, na mwishoni, ndege! Ya pili, ndege! Wote wana ndege, Mshauri, mpaka ile ya Tata Wangui, shangazi yangu, ambaye ni mnene na anasimama mbele!

Tata akaingia akaziona, akapiga makofi: "Ngai, ati umetuwekea mpaka ndege? Hii ni smart, usiguse kitu!" Jioni Kinyua akapiga: "Uko na ndege yetu?" Nikamwambia niko naye. Sikudanganya, sote tuko naye. Nifanye nini? Nimwambie? Ninyamaze? Na huu wino nitauponyaje?

Mwenye Ndege, Majengo

Mwenye Ndege,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama nimepatwa na jambo. Pole, na hongera ya arusi. Sasa tulia nikugombeze, kwa sababu kabla ya kupewa safu hii nilichapa fulana za kampeni kule Karatina kwa miaka, na kosa lako nalijua.

Wino wa dischaji uliokazwa na baridi huamshwa kwa mwiko, hauamshwi kwa jiko. Ukishatia kile kichocheo chake, poda inayoufanya ule rangi, umeanza kuzeeka, na joto linauzeesha mbio. Maji yako yakamalizia, ukapenya chini ya selotepu. Huo uliobaki ni wa kutupwa, na asitokee jirani akwambie utie unga kama uji. Changanya mpya, wa kutosha kazi ya siku hiyo tu, kichocheo kipimwe kwa mizani, gramu sita kwa mia ya wino, usizidishe. Ukiwa bado mwepesi, muuzaji ana dawa ya kuuongezea uzito. Weka kidogo kidogo. Wavu uwe wa matundu madogo. Raba ya kuvutia wino ishike wima, uvute mara moja, usisugue kama sufuria ya githeri. Selotepu ya karatasi ni ya kufungia zawadi. Wino wa maji unataka ya plastiki. Na fungua madirisha, ule mvuke unaonuka mayai viza unaumiza kifua.

Lakini lililoniudhi ni kwamba ulichapa zote kabla ya kupitisha hata moja kwenye joto. Nani alikufundisha hivyo? Chapa moja, ipashe, itazame, ndipo uendelee.

Rangi iliyoliwa hairudi. Bahati yako fulana ni ndefu. Mpelekee fundi akate mapindo yote, maua na ndege vyote viende, kisha uchape upya maua peke yake. Yako pia. Tata Wangui akinuna, mwambie mimi ndiye niliyesema.

Maana hata wino ungekuwa mzito kama asali, ule ujanja ulikuwa mbaya. Desturi ile haikuwekwa ili mwanamume asome pindo. Iliwekwa ili ukoo wako wote umwone akikutafuta. Kingori alikosea, na bado ana mke wake, au siyo? Mbuzi analiwa, watu wanacheka, arusi inaendelea. Wewe ulitaka kumnyima Kinyua ile furaha ya kukujua kwa jinsi utakavyosimama, kwa jinsi mabega yako yatakavyotikisika kwa kicheko huko chini ya leso, kwa sababu binti anayeandika barua kama hii hawezi kusimama kimya dakika mbili.

Mpigie leo, kabla hujagusa wino. Mwambie avae miwani, na umwambie hakuna ndege. Akutafute wewe.