Tulimpigia Makofi

Kilosa, Alhamisi

Tulimpigia makofi. Hilo ndilo linalonitesa.

Jana Mikumi, kwenye mkutano wa mabaraza ya wazee ya mikoa yetu, kila mgeni alisifu ushirikiano. Kisha Bibi Damari wa Berega akasimama, akasema kwa Kikaguru, sauti ndogo, mkono kifuani. Meza kuu hakuna aliyeelewa. Mimi katibu nikaandika: "Bibi ametoa shukrani."

Leo Mama Neema aliyetupikia kanipigia simu.

"Dada, yule bibi mlimpeleka wapi?"

"Nilimrudisha mwenyewe, kwa mwanawe."

"Mimi Mkaguru, dada. Nilikuwa mlangoni na sufuria, nikamsikia. Aliwaomba msimrudishe, kule anafungiwa ndani. Mlipopiga makofi nikajua mmekubali."

Nimeshaongea na mtendaji wa kijiji, alfajiri tunakwenda. Na kama mlango...

Nilipomshusha alining'ang'ania mkono. Nikaubandua taratibu, kidole kwa kidole, nikicheka. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi," ndiko kuaga kwangu. Hakuitikia.

Nikajisemea: maskini, hasikii.