Kwa Kinywa cha Baba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na hujaanza kukanyaga cherehani kabla haujapona, ingawa nakujua, sikio la kufa halisikii dawa. Mama hajambo? Dada na mumewe? Mimi mzima wa afya, ila nawakumbuka hadi chakula kinakosa ladha.

Baba, nimepata kazi! Mama atakuwa amekwisha kukuambia, maana habari ikimfikia yeye haihitaji redio. Lakini nilitaka uipate kwangu. Nilipopiga simu Jumamosi aliniambia umetoka, na Jumamosi iliyotangulia pia ulikuwa umetoka. Mara zote mbili nilisikia kikohozi chako nyuma yake. Sikumbishia. Ndiyo maana naandika.

Kazi yenyewe ni kuandika maneno yanayosomwa redioni: habari, matangazo, utangulizi wa vipindi. Mwenyewe sisikiki hata kidogo. Naandika, wengine wanasema. Majirani wanaosubiri sauti yangu waambie wasimalize betri zao bure.

Usaili ulinitoa jasho. Tulikuwa wengi, na wenzangu walikuja na vyeti vya kujaza kapu, mimi na changu kimoja nimekikumbatia. Tulipewa habari ndefu ya gazeti kuhusu bomba la maji lililopasuka, tukaambiwa tuigeuze iwe ya kusomwa redioni. Nilidhani mhariri mkuu angechukua kalamu asahihishe. Kumbe alimwita mtangazaji wa siku nyingi, mtu mnene mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, akampa karatasi zetu azisome palepale mbele yetu. Ya kijana aliyekaa jirani yangu ilikuwa na sentensi moja ndefu kama foleni ya bombani. Mtangazaji aliianza kwa madaha, katikati pumzi ikamwishia, akaomba maji. Tulicheka sote, na kijana mwenyewe, maskini, akacheka. Yangu aliisoma mpaka mwisho, akairudia, halafu akaniuliza nani alinifundisha kuandika hivi. Nikamjibu kwamba nimejifunza nyumbani. Mhariri akasema nianze Jumatatu.

Ofisi yetu ni nyembamba, ina meza tatu na feni moja inayozunguka ikijisikia. Ukutani kuna spika inayosema kutwa nzima. Sauti zote nzuri za mji huu zinapita masikioni mwangu, kisha narudi chumbani, naketi kitandani, na hamu niliyo nayo ni ya sauti moja tu. Sitakuficha, nina hamu nawe sana. Natamani ile saa unapofunika cherehani ukaanza kunisimulia vituko vya wateja, polepole, na mimi mnayeniita Chiriku nimenyamaza kimya.

Najua simu huipendi. Ana kwa ana mtu anauona uso wako, anajua neno lipo njiani. Kwenye simu kigugumizi kikikushika, anasema halo, halo, kisha anakata.

Sasa nikuambie ambalo hapa sijamwambia mtu. Unakumbuka harusi ya dada, tulivyoandaa maneno yako ya kupokea wageni? Ulikuwa ukizunguka sebuleni na futi shingoni, mimi nyuma yako na karatasi. Kila neno lililokukwama tulilifukuza tukatafuta jingine. "Karibuni" lilitugomea katakata, tukaweka "nyumba hii ni yenu", na wageni wakasema hawajawahi kupokewa vizuri namna ile. Basi ndivyo ninavyoandika mpaka leo, baba. Kila sentensi naipitisha kwanza kinywani mwako. Nikiona itakukwama, naifuta. Yule mtangazaji ameniuliza mbona simwandikii kamwe neno "karibu". Kipindi chake cha asubuhi kinaanza kwa "msikilizaji, nyumba hii ni yako", na watu wanapiga simu kukisifia. Nikamwambia ni mtindo wangu tu. Nilimdanganya. Ni wako.

Jumamosi hii nitapiga tena. Tafadhali, pokea wewe. Hapa kazini redio ikinyamaza kidogo tu, fundi mitambo anakuja mbio akidhani kitu kimeharibika. Mimi sina haraka. Neno likikwama, liache likwame. Nitakusikiliza unavyopumua mpaka lije, wala sitakumalizia. Nashinda nikiwaandikia watu la kusema, wakubwa kwa wadogo. Nataka kusikia neno ambalo sikuliandika mimi.

Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie asikasirike barua hii imekuja kwa jina lako peke yako. Dada na shemeji wasalimie wote, na wateja wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
Chiriku