Kihispania cha Watu Wenye Adabu

Maman mupenzi,

Jambo kutoka Bukavu, ambako mvua haijui kupumzika. Yaya Désiré, kaka yangu mukubwa na mutoto wako mwenye akili, anaongea Kihispania kama maji. Jana alinipeleka kwenye somo la mwisho la darasa lake, nijionee.

Mwalimu wao, maman mumoja wa Hispania, alitualika wote kwenye restora ndogo ya Kadutu. Sharti lake: kila mutu aagize chakula kwa Kihispania. Mwaka muzima wamejifunza «quiero pescado», yaani nataka samaki. Na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, zilikuwa zinanukia pale jikoni mpaka tumbo langu linaimba.

Mwalimu akauliza tunataka nini. Papa mumoja wa Bagira, mwanafunzi mwenzake Yaya, akajibu, kwa Kihispania safi, kwamba ameshiba, asante. Maman wa pembeni naye ameshiba. Yaya akaongeza, kwa matamshi matamu, kwamba mwalimu asijisumbue hata kidogo. Halafu tukangoja atulazimishe, kama mwenyeji yeyote mwenye moyo.

Mwalimu akatupongeza kwa sarufi, akajiagizia sambaza, akakula peke yake. Sisi tukamutazama kwa heshima kubwa.

Mwezi ujao Yaya anaenda kusoma Hispania. Maman, ulimulea vizuri kupita kiasi. Mupigie simu leo, umufundishe kidogo kukosa adabu, la sivyo njaa itamumaliza kule na sarufi yake yote mudomoni.

Nakukumbatia sana. Na mimi nikifika nyumbani, tafazali, usiniulize kama nimekula. Weka tu bugali.

Binti yako, Furaha