Mmoja Avute, Mwingine Apigilie

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu, na huyo binti mchanga ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Mama magoti bado yanamsumbua? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyotuma ni yake peke yake, maana namjua, ataigawa kwa majirani mpaka chupa ibaki harufu. Mimi afya ninayo. Nimevimba kidogo mashavu, ndiyo maana mkiniona kwenye simu mnasema nimependeza.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kama mshahara uliotajiwa na karakana yetu ya makochi huku ughaibuni unafaa, na kila mara nimecheka nikabadili habari. Kwenye simu mimi ni bingwa wa kucheka. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Najua umeshaigeuza ile namba kwa pesa ya nyumbani na ikakupa kizunguzungu, kwa sababu hata mimi yangu ilinipa. Tafadhali irudishe ilivyokuwa, maana huku mkate haununuliwi kwa pesa ya nyumbani. Toa kodi ya serikali, toa bima, toa pango la chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, toa nauli, toa koti la baridi ambalo mimi hakuna aliyenitajia. Ukituma nyumbani nusu ya kinachobaki, utalala njaa. Ukila ukashiba, hutumi kitu. Na huko utakuwa umefunga kibanda chenye wateja, na kumwacha mtoto ajifunze kukuita baba kupitia kioo cha simu.

Kazi yenyewe unaijua, makochi ni makochi. Ila huku kila fundi ana meza yake, na kitambaa kinavutwa na kibanio cha chuma. Unakumbuka kwa baba, wewe ukivuta, mimi nikipigilia, mdomo umejaa misumari, na ukilegeza nakuita mikono ya uji? Baba alikuwa akituambia kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tunacheka kwa sababu huku anajikuna. Kibanio hakilegezi wala hakitukaniki. Wenzangu ni watu wema. Wananisalimu asubuhi, wananiaga jioni, na hapo katikati kila mmoja ameziba masikio kwa muziki wake. Siku za mapumziko naingia madukani bila haja ya kununua, ili tu nipitane na watu. Nina upweke, mdogo wangu. Sijawahi kukuambia kwa sababu kaka mkubwa hasemi mambo kama hayo.

Sasa sikia. Siku moja niliwekewa kochi refu, la kukaa familia nzima. Nikatandaza kitambaa, nikashika mashine ya pini, na kwa lugha yetu nikasema kwa sauti, haya, vuta. Kisha nikasubiri. Nilisubiri kweli, mkono hewani, kama mjinga. Msimamizi wetu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akanisogelea akauliza nazungumza na nani. Kwa aibu nikamjibu nazungumza na mdogo wangu, fundi kunishinda mimi. Akauliza kama ungependa kuja. Basi hapo nikakupigia debe mpaka sauti ikakauka, nikamwonyesha picha zote za kazi zako.

Wewe unadhani walikuona wenyewe mtandaoni, nami nimekuacha ujisifu hivyo. Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Aliniuliza ungekubali kwa kiasi gani. Nilipaswa kutaja mshahara kama wangu. Nikaogopa atasita, nikataja pungufu, pungufu sana, hata yeye akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Kwa hiyo namba mnayoipima na shemeji kila jioni si thamani yako. Niliipanga mimi, ndugu yako wa tumbo moja, ili nipate mtu wa kula naye.

Usitie saini. Jana nilimwendea msimamizi nikamweleza ukweli wote. Hakunigombeza, alisema tu kwamba kwa mshahara kama wangu hana hakika kama nafasi itakuwepo. Hata hivyo mwandikie mwenyewe, uombe sawa na wangu, na tiketi ya kurudi nyumbani kila mwaka. Akikubali, njoo, nitakupokea kwa mikono miwili. Akikataa, baki na mkeo na kibanda chako, na usinionee huruma hata kidogo, maana huruma ndiyo itakayokuponza.

Msalimie shemeji, umbusu binti kwa niaba yangu. Mama akikuomba umsomee barua, msomee pale penye dawa ya magoti, kisha umwambie nimenenepa.

Ni mimi kaka yako,
anayevuta na kupigilia mwenyewe.