Kidole Gumba Kwenye Ngozi

Mpendwa Mama,

Leo nimeishusha darini ngozi yako ya mwisho, ile ya mbuzi mweusi, na bado sijalia. Hapa Endamarariek wameshanisema vya kutosha. Shangazi anadai masomo yamenikausha. Aseme tu, mdomo ni wake.

Unakumbuka ngozi niliyoiharibu? Nilikuwa darasa la nne. Uliiloweka kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakang'oka kwa kiganja, ukanipa kisu na kuniambia nikwangue kwa mgongo wake. Mimi, mjuaji, nikatumia makali. Hukunichapa. Ulinionyesha kwamba pale manyoya yalipotoka kuna utando, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kwamba huo ndio unaoishika ngozi yote. Ukichanika, ngozi inakunywa maji na kulegea, hata uipake mafuta kiasi gani. Ukabonyeza kwa kidole gumba. Palipo pazima palirudi, nilipokwangua pakabaki shimo.

"Inayorudi ni nzima," ulisema. "Isiyorudi usiibembeleze."

Nilipokwenda kusomea kazi ya maabara ukanibatiza daktari wa mkojo. Ulishika mbavu kwa kicheko niliposema huwa tunauchemsha. Lakini nilipokueleza kwamba ndani ya mwili, chini ya ngozi ya juu, kwenye mishipa, hata kwenye figo, kuna utando kama wako, unaovutika na kurudi, na kwamba ule wa figo ndio unaochuja damu, uliacha kucheka. Ukauliza ukichanika inakuwaje. Nikasema uzito wa damu, yaani protini, unavujia kwenye mkojo, na mwili unajaa maji. Ukasema walimu wangu wangekuja kwako, serikali ingeokoa nauli.

Kisha, mwaka ule wa mvua nyingi, ukaanza kuamka macho yamevimba. Nikauchukua mkojo wako kwenye chupa hadi Karatu kazini, nikauchemsha mwenyewe. Ukaganda mweupe kama ute wa yai, ndiyo protini yenyewe. Nikaosha vyombo, nikaenda kula makande. Sikuhisi kitu, Mama. Ganzi ile haijanitoka mpaka leo.

Nyumbani nilikwambia ni uchovu wa kupalilia. Ulinyoosha mguu, ukashika mkono wangu, ukakibonyeza kidole changu gumba kwenye muundi wako. Tulipokiondoa, shimo likabaki. Tulilitazama, mimi na wewe, kama watu wanaosubiri chai ichemke.

"Haijarudi," ulisema.

"Itarudi," nikasema.

Nikakubembeleza. Ulitaka kwenda Mbulu kuagana na Mama Mdogo, nami nikasema utakwenda ukipona. Nilijua hutapona. Tulikuzika kabla mahindi hayajakomaa, na Mama Mdogo alifika kaburi limeshafukiwa, akawa ananiuliza kwa nini hukuja kumuaga. Nikamjibu kwamba hukupenda safari.

Leo nimeibonyeza ngozi ya mbuzi mweusi, imerudi. Nikaubonyeza mkono wangu, nao ukarudi palepale, kama mkono wa mtu asiye na msiba. Nimeukasirikia.

Kesho napanda gari la Mbulu. Ngozi hii nampelekea Mama Mdogo aikalie, na kabla hajaikalia nitamwambia kwamba ulitaka kwenda, na kwamba mimi ndiye niliyekuzuia. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa.

Kaa huko ulipo bila uvimbe, Mama.

Mimi binti yako,
daktari wa mkojo.