Fomu Inaganda Koboko, na Aliyeiunda ni Shemeji Yangu

Mpendwa mshauri, naomba uwe na subira na barua yangu maana hata sijui nianzie wapi, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Awindiri hapa Arua, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo inayohudumia zahanati za binafsi, na kazi hii niliipata kwa mkono wa shemeji yangu Anguyo, mume wa dada yangu Evelyn, wakati nilipokuwa nimemaliza chuo na kila ofisi niliyobisha hodi ilinidai uzoefu ambao sikuwa nao. Yeye ndiye aliyenikalisha kando yake akanifundisha, na hata leo nikikwama namwita yeye kwanza, ndiyo maana jambo hili linanila ndani kwa ndani.

Mwaka jana shemeji aliunda mfumo mpya wa kuandikisha wagonjwa. Karani anafungua fomu kwenye kompyuta, anaanza kuandika jina la mgonjwa, na fomu inamletea rekodi kutoka kwenye seva, kompyuta kuu iliyoko Arua. Tulipoijaribu ofisini ilikuwa nyepesi kabisa, kwa sababu tulikuwa tumeweka majina machache tu ya majaribio, lakini zahanati ya Koboko inapokea watu wa mjini, wakulima, na ndugu zetu waliokimbia kutoka Sudan Kusini, majina yakajaa maelfu kwa maelfu, na kadiri yalivyojaa ndivyo fomu ilivyozidi kuganda, karani anaandika herufi mbili, skrini inabaki nyeupe, na watu wako benchini wanamtazama yeye.

Karani huyo anaitwa Kadijah, binti wa mwanajeshi mstaafu wa hapo hapo Koboko. Lawama zote zilimwangukia yeye, maana shemeji aliwaambia wakubwa wa zahanati kwamba mfumo hauna shida, shida ni mtandao wa Koboko na karani asiyejua kompyuta. Kisha siku moja akaja mama anayeitwa Nora, mkimbizi kutoka Yei, amebeba mtoto mwenye homa kali. Utaratibu wa zahanati unasema hakuna anayeonwa kabla jina lake halijatokea kwenye fomu, na fomu iliganda, na wakati inaganda mtoto akashikwa na degedege palepale benchini. Kadijah aliiacha kompyuta, akamnyanyua mtoto, akampeleka kwa muuguzi bila kumwandikisha. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini Kadijah akapewa onyo kwa uzembe, na onyo jingine kwa kuvunja utaratibu, na mkurugenzi, Mzee Kasimiro, akasema mwisho wa mwezi atamwondoa.

Kabla mwisho huo wa mwezi haujafika, shemeji akanituma Koboko nikamfundishe. Nilikaa kando yake asubuhi nzima, na mshauri, yule dada anaandika haraka kuliko mimi, hakosei majina ya Kikakwa wala ya Kiarabu wala ya Wasudani. Fomu ilipoganda aliweka mikono mapajani akaniambia polepole, "Dada, mimi si mvivu. Hii mashine ndiyo iko inalala. Mimi naita jina, yeye anaenda kutafuta, harudi." Nilitikisa kichwa tu, nikafunga begi langu nikarudi Arua.

Ofisini nikaangalia maswali ambayo fomu inayatuma kwenye hifadhidata, nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyeyaandika. Kila herufi karani anayoandika inatuma swali jipya, na kila swali linapita majina yote tangu la kwanza hadi la mwisho kwa sababu hakuna faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, ya kulielekeza, halafu kwa kila jina linalofanana fomu inarudi tena kuuliza kijiji, inarudi tena kuuliza mzazi, inarudi tena kuuliza alitibiwa lini mara ya mwisho. Ni kama kumtuma mtu sokoni alete chumvi, arudi, umtume tena vitunguu, arudi, umtume nyanya, wakati angeweza kwenda na kikapu mara moja. Nikatengeneza nakala, nikaweka faharasa kwenye majina, nikayaunganisha yale maswali yawe moja, nikazuia fomu isitafute mpaka karani amalize kuandika na kubonyeza. Rekodi ikatokea kabla sijaondoa kidole.

Sikumwambia shemeji, nilimwambia dada. Evelyn alikuwa ananyonyesha kichanga chake, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Viktoria, mwezi huu huu kampuni inataka kumpa mume wangu usimamizi wa mifumo yote. Utamwaibisha mtu aliyekulisha? Rekebisha kimya kimya. Fomu ikienda, nani atauliza?"

Na wazo hilo limeniingia, mshauri, siwezi kukudanganya, maana fomu itapona, shemeji hataumia, nyumba ya dada itakaa salama. Lakini kila nikitaka kuliweka rekebisho langu kwenye seva mkono unasita, na sijui kwa nini. Nifanye nini?

Viktoria, Awindiri

JIBU

Viktoria, majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo pumua.

Mimi si fundi wa kompyuta, lakini najua kwa nini mkono wako unasita, na wewe pia unajua, ila hujataka kulitamka. Ukirekebisha kimya kimya mwezi huu, na mwisho wa mwezi Kadijah akaondoka, watu watasema nini? Watasema, mnaona, mvivu ameondoka na kazi inakwenda. Rekebisho lako la siri litakuwa ushahidi dhidi yake, na atarudi nyumbani kwa baba yake na jina la uzembe ambalo hakuna ofisi ya Koboko itakayolisahau. Dada yako anauliza nani atauliza. Hilo ndilo tatizo. Hakuna atakayeuliza.

Nakuhurumia. Shemeji aliyekufungulia mlango si mtu wa kumvunjia heshima, na sikutumi ukamvunjie. Kosa alilofanya kwenye fomu ni kosa la kazi, mafundi hukosea, na tena wewe mwenyewe ulikuwepo mlipoijaribu kwa majina machache na hukusema neno. Ila kumtaja karani kuwa mjinga bila kuangalia kwanza kazi yake mwenyewe, hilo si la kompyuta, na hakuna faharasa itakayolitengeneza.

Na wewe ulipata wapi busara ya kupeleka jambo la ofisini kwenye kitanda cha mzazi? Umemtwisha Evelyn mzigo usio wake, sasa anatetea nyumba yake, kama ambavyo mwanamke yeyote angefanya. Mficha uchi hazai, lakini mtu haanzi kujifunua kwa jirani akamwacha mkunga.

Sasa sikiliza. Kesho nenda kwa Anguyo, ofisini, si nyumbani, wala si mbele ya mtu. Usimhubirie. Mfungulie fomu ya zamani kwenye rekodi halisi za Koboko, mwache aandike jina yeye mwenyewe, asubiri kama watu wa benchini wanavyosubiri. Kisha mfungulie yako. Mwambie unataka yeye ndiye aandike kwa Mzee Kasimiro kabla fomu mpya haijawekwa, aseme shida ilikuwa kwenye mfumo na si kwa karani. Mpe siku moja ya kufikiri. Akikataa, andika wewe, weka vipimo vya kasi ya seva vya kabla na baada, na mpe nakala aisome kabla hujaituma, ili asiseme ulimzunguka. Hifadhi nakala ya kila kitu kabla ya kugusa seva, na fomu mpya muiweke baada ya zahanati kufungwa.

Na katika barua hiyo waambieni wakubwa jambo moja zaidi: mtoto mwenye degedege hasubiri fomu, iwe nzito au nyepesi. Kadijah ndiye pekee aliyelielewa hilo siku ile.

*

Kwa kuwa mwisho wa mwezi haukuwa mbali, jibu hili nilimtumia Viktoria kwa simu kabla gazeti halijatoka. Haya ndiyo aliyoniandikia baadaye, na ameniruhusu niyachapishe.

Mshauri, nilikwenda. Shemeji aliandika jina, akasubiri, akaandika tena, akasubiri. Nilipomfungulia ile nyingine aliitazama sana, kisha akauliza, "Evelyn anajua?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje, hakurudi siku hiyo.

Kesho yake aliniletea barua aliyoiandika. Ilisema mfumo ulihitaji maboresho na sasa yamefanyika. Jina la Kadijah halikuwemo. Nilimrudishia, nikamwambia, "Shemeji, kwenye lawama jina lake lilitajwa. Litajwe na hapa." Akachukua kalamu, akaongeza mistari miwili kwa mkono wake na kutia sahihi.

Maonyo yote mawili yamefutwa, na watoto wenye homa kali sasa wanaonwa kwanza, wanaandikishwa baadaye. Shemeji bado yuko kazini, ila usimamizi wamempa mtu mwingine, na dada yangu ananisalimia kama anavyosalimiwa mgeni. Sijui litaisha lini.

Nilirudi Koboko kumwonyesha Kadijah fomu mpya. Aliandika jina, rekodi ikaja mara moja, akaandika jingine, nalo likaja. Nilidhani atafurahi. Aligeuza kiti akanitazama.

"Asante, dada," alisema. "Lakini siku ile ulikaa hapa, ukaona, ukaenda."

Akageukia benchi, akamwita mgonjwa aliyefuata.