Kupandishwa Kilima Nikiwa Edani

Kwa mdogo wangu Hamisi bin Bakari, Mikindani.

Salamu nyingi zitangulie, mdogo wangu, ziingie nyumbani mwako kabla ya maneno yangu mengine, maana hayo mengine yana ukali. Hujambo? Mkeo hajambo? Magoti ya shangazi yanasemaje? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Uingereza haina adabu, inamfuata mtu hadi kitandani. Moyo wangu usiuulize.

Barua yako ya msiba niliipata. Ilikawia mno njiani, na ilipofika nilikuwa jikoni namenya viazi. Nilisoma jina la Selemani nikaketi pale pale sakafuni na kisu mkononi. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mume wangu amekufa, amezikwa, matanga yameanuliwa, na mimi siku zote hizo napika na kucheka na mtoto wa watu! Na wewe, Hamisi, hata siku aliyofariki hukuitaja. Umeandika nani alitoa sanda, umeandika wali ulitosha, siku ya kifo umeisahau. Sasa eda yangu nitaihesabu kuanzia wapi? Lo, wanaume nyie!

Basi nikaamua kukaa eda kwa kukisia, Mungu anajua nia yangu. Nikavua bangili, nikaweka manukato mbali, nikavaa nguo zisizo na rangi. Kazi za ndani niliendelea nazo, ila nikamwambia Memsabu kwamba mlango wa nje sitauvuka mpaka eda iishe. Memsabu ni yule niliyekusimulia, mke wa yule Bwana aliyesimamia ujenzi wa gati pale Mtwara. Kiswahili chake bado ni kile kile cha jikoni.

"Yaya," akaniambia, "hapana kaa ndani kama mfungwa. Mimi hapana taka mfungwa katika nyumba yangu."

Nikamweleza, na binti yake Meri akawa mkalimani wetu, maana yule mtoto nimemlea tangu ananyonya na anasema Kiswahili kama kazaliwa kwetu. Alisema vizuri kabisa: "Mama, Yaya anamlilia mume wake humu ndani. Ndiyo desturi yao. Mwache." Memsabu akanishika bega, akasema huzuni yangu dawa yake ni hewa. Jumapili tungekwenda kilimani.

Hamisi, sikia mambo ya Wazungu. Kwetu mtu akipanda kilima ana shamba huko juu, au anakata kuni, au anamfuata mbuzi aliyepotea. Nilimuuliza Memsabu, huko juu kuna nini? Kuna soko? Kuna jamaa yenu? Akasema hakuna. Tunapanda kufanya nini, basi? "Kuona mbali," akasema. Tukishaona? "Kurudi chini." Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli. Watu wazima, na viatu vyao vizito na fimbo, wanapanda, wanatazama, wanashuka, wanakwenda kunywa chai.

Nilikataa mara ya kwanza. Nilikataa na mara ya pili. Mara ya tatu Bwana mwenyewe alisimama mlangoni na koti langu mkononi, na wewe unajua mtu aliye nyumbani kwa watu hana mara ya nne. Nikatoka. Nilijitanda ushungi mpaka machoni, nikatembea nimeinamisha kichwa, nikimwambia Selemani moyoni kwamba sikutoka kwa hiari yangu.

Kile kilima ni msitu mtupu. Miti mirefu, magome yake laini ya kijivu, na majani yote yanapukutika, yamekuwa mekundu na manjano, ukikanyaga unazama hadi kifundo cha mguu. Ni kuzuri, nisiseme uongo. Lakini nilikuwa nikitelezateleza kwenye tope, pumzi zinanikata, na Memsabu mbele yangu anaimba. Kila tuliyepishana naye alitusalimu kwa kutuambia hali ya hewa, kana kwamba sisi hatuioni.

Tulipofika kileleni miti ikaisha. Kuna benchi, limewekwa la kutazamia tu. Memsabu akaniketisha, akanyoosha mkono: "Ona, Yaya! Zuri sana!" Nikainua macho. Mashamba, mashamba, mashamba, kila moja limezungushiwa ua wake wa miti. Nyumba, mnara wa kanisa, tena mashamba mpaka macho yanachoka.

"Bahari iko wapi?" nikauliza.

"Oh, bahari mbali sana. Hapa hapana ona."

Hapo ndipo nilipojua niko wapi, Hamisi. Nilipokuwa chumbani mwangu nilikuwa nadhani bahari iko nyuma ya miti ile, na meli, na nyumbani. Sasa wamenipandisha juu nijionee mwenyewe kwamba kila upande ni Uingereza. Nikapiga yowe. Kilio cha mfiwa, kile chetu hasa, ambacho nyumbani kwao nilikizuia kwa sababu hawapazi sauti hata wakiungua. Nilimlilia Selemani kwa jina lake na jina la mama yake. Meri akaanza kulia na yeye, akanikumbatia magoti.

Palikuwa na mzee mmoja na mbwa wake. Akamuuliza Memsabu kitu, Memsabu akamjibu huku amewiva uso kwa haya. Yule mzee akavua kofia, akasimama kando kimya mpaka nilipomaliza. Tangu nifike nchi hii, sijapewa pole nyingine iliyo sawa na ile.

Njiani kushuka Memsabu alikuwa mchangamfu. Akasema umeona, kilima kimekusaidia, sasa tutakuja kila Jumapili. Na kweli, kila Jumapili napelekwa kutazama mbali! Nikamwambia dawa yangu ni kurudi Mikindani. Akanitazama kwa huruma, na kwa kweli hana roho mbaya, akasema, "Lakini bwana yako iko kufa, Yaya. Mtoto hapana. Sasa rudi kwa nani?"

Nikamwendea Bwana. Pasi yangu ya safari anaifungia mezani kwake. Alikumbuka vizuri maneno aliyopatana na marehemu kule gatini, Selemani alipokuwa seremala wake: siku atakayomtaka mkewe ataandika, nao watanipakia melini. "Selemani hakuandika," Bwana akasema. "Sasa aandike nani?" Nikasema baba yetu hayupo, mwenye amri juu yangu ni ndugu yangu. Akasema haya, barua ya ndugu yako ikija, utakwenda.

Na barua ya ndugu yangu, Hamisi, ninayo. Mwisho wa barua ile ile ya msiba umeniandikia: "Dada, tulia huko huko. Huku huna mume wala mtoto, utarudi kufanya nini?" Umesema maneno ya Memsabu neno kwa neno, na wewe hujawahi kuonana naye. Nimeificha chini ya godoro Bwana asije akaomba kusomewa.

Nisalimie shangazi aliyehamia Rahaleo, na mjomba wa Mahurunga, na mkweo aliyenifundisha kushona vitambaa. Mama mkwe wangu mpe mkono wa tanzia, umwambie mkamwana wake yumo edani, hata kama wanamtoa nje.

Hamisi, nilikubeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, na sijakudai hilo hata siku moja. Leo nadai. Nenda kwa karani, aandike kwa Kiingereza: dada yangu anatakiwa nyumbani. Basi, hayo tu. Na kama sitakiwi, niandikie hivyo waziwazi, niache kuchungulia dirishani kila apitapo mtu wa posta.

Ni mimi dada yako,
Mwanaisha binti Bakari